Nani Alijitolea Karagwe?

Novemba 1861 wapelelezi wawili kutoka Uingereza, John Hanning Speke na James Augustus Grant, waliingia Karagwe wakitokea Tabora, wakapokelewa na Omukama, yaani mfalme, Rumanyika. Grant alikuwa anaugua mguu vibaya, hawezi kutembea. Speke aliposhika njia ya Buganda mwezi Januari uliofuata, ilibidi amwache mwenzake, na Grant akabaki mikononi mwa wenyeji mpaka Aprili 1862. Kwa miezi hiyo mtu aliyekuja kuichunguza Afrika alikuwa mgonjwa wa kulishwa, kuletewa maji, kutafutiwa dawa na kutembelewa na mfalme. Speke mwenyewe, katika kitabu alichokitoa mwaka 1863, aliandika kwa shukrani kwamba Karagwe mgeni hakutozwa ushuru, na kwamba kila kijiji walichopita waliletewa chakula kwa gharama ya mfalme. Ushuhuda huo una thamani, lakini mfalme hakuwa na jembe. Ndizi zile zilikatwa katika migomba ya watu, zikamenywa na wanawake, zikabebwa vichwani hadi kambini. Katika kurasa nyingi za kitabu hicho wanawake hao hawana majina.

Nimeanza na tukio hilo kwa sababu ndilo lililoweka mtindo wa masimulizi yaliyofuata. Historia ya watu waliokuja kusaidia Karagwe, na baadaye Kyerwa, imeandikwa karibu yote kutoka upande wa mgeni: mmisionari, daktari, mhandisi, kijana wa mwaka mmoja aliyekuja kufundisha Kiingereza au kuchimba kisima. Barua zao zilitunzwa, ripoti zao zilichapishwa, picha zao zimehifadhiwa Ulaya na Marekani. Hoja yangu ni kwamba mpangilio huo umegeuza mambo juu chini. Katika wilaya hizi mbili za mkoa wa Kagera, Tanzania, kila kazi ya hiari iliyoletwa na mgeni ilisimama juu ya kazi ya bure ya mwenyeji, iliyoanza kabla yake na iliyoendelea baada yake. Anayetaka kuandika historia ya kujitolea mahali hapa aanze na mwenyeji, na amhesabu mgeni kama sura moja ndani ya kitabu kirefu zaidi. Sisemi hivyo kwa kumdharau mgeni. Nasema kwa sababu ushahidi, ukisomwa kwa utulivu, unaelekea huko.

Tuitazame nchi yenyewe kwanza. Ufalme wa Karagwe, ambao mwanahistoria Israel Katoke aliuandikia kitabu kilichotoka mwaka 1975, ulikuwa na makao yake Bweranyange, ukijulikana kwa ng'ombe, kwa ufundi wa chuma na kwa kituo cha biashara cha Kafuro walikofikia wafanyabiashara Waarabu na Waswahili. Kisha katika miaka ya 1890 ilikuja sotoka, ikafyeka ng'ombe. Njaa na ndui vikafuata. Utawala wa Wajerumani ukauvunja nguvu ufalme uliokuwa umekwisha kudhoofika. Maeneo makubwa yalibaki na watu wachache, pori likarudi, na mbung'o nao wakarudi. Watu waliokuja kuijaza nchi hiyo katika karne ya 20 walitoka pande nyingi: Wahaya kutoka mwambao wa ziwa, watu wa Kigezi na Ankole waliovuka mto Kagera kwa upande wa Murongo, Wanyarwanda na Warundi waliotafuta malisho, mashamba au kazi katika machimbo ya bati ya Kyerwa. Mwaka 2002 wilaya ya Karagwe ilihesabiwa kuwa na watu zaidi ya 425,000. Ilipogawanywa mwaka 2012 na Kyerwa ikawa wilaya, sensa ya mwaka huo ilikuta watu zaidi ya 320,000 katika kila moja. Ongezeko kama hilo halitokani na uzazi peke yake. Vijiji vingi vya huku vimejengwa na majirani ambao babu zao hawakujuana, na jambo hilo ni kiini cha hoja nzima. Msaada wa jirani hapa haukuwa urithi wa ukoo tu. Ulilazimika kubuniwa na watu walioanza upya ugenini, ambao hawakuwa na shangazi wala mjomba karibu wa kuwazika.

Kuzika ndiko hasa kulikozaa vyama. Ng'ambo ya mto, Kigezi na Ankole, kulikuwa na vyama vya machela ambavyo wanachama wake walipeana zamu ya kumbeba mgonjwa kutoka mlimani hadi zahanati, na maiti kutoka hospitali hadi nyumbani. Upande wa mkoa wa Kagera, utafiti uliojulikana zaidi ni ule wa kijiji cha Nyakatoke, Bukoba Vijijini, ambako mwaka 2000 wachumi akina Joachim De Weerdt walizifuatilia kaya zote 119 za kijiji kimoja na kuuliza nani humtegemea nani. Walikuta vyama vya mazishi vyenye orodha ya wanachama, viwango vya michango ya fedha na chakula, zamu za kazi na faini kwa asiyefika. Nyakatoke haiko Karagwe, lakini mtu yeyote anayezijua wilaya hizi mbili ataitambua sura hiyo: daftari la mweka hazina, turubai na masufuria ya kikundi, wanaume wanaochimba kaburi na wanawake wanaopika siku tatu mfululizo. Msiba ukitokea, kikundi hakingoji tangazo la mtendaji wa kijiji. Kazi imekwisha kugawanywa kabla marehemu hajafa.

Hapa nakutana na pingamizi la kwanza, na ni zito. Mtu anaweza kusema kwamba kuiita kazi hiyo ya hiari ni kuipamba. Watu wa Karagwe walifanyishwa kazi za bure na Omukama na machifu wake, Wajerumani wakawafanyisha za barabara na upagazi, Waingereza wakaendeleza kazi za jumuiya kupitia utawala wa wenyeji, na hata baada ya uhuru kulikuwa na mgambo wa kuwakusanya watu waende kujenga shule. Upande wa Bukoba mpangaji wa ardhi ya nyarubanja alimtumikia mwenye ardhi mpaka Bunge lilipotunga sheria ya mwaka 1965 ya kumfungua. Katika historia kama hiyo, hiari iko wapi? Nalikubali sehemu kubwa ya pingamizi hili. Ni kweli kwamba neno la heshima limetumika mara nyingi kufunika amri. Lakini tofauti ipo na inapimika. Tuulize nani aliyetunga kanuni, nani anayetoza faini na faini inaishia wapi. Kwa chifu na kwa mkoloni, kanuni ilitoka juu na faida ikapanda juu. Katika chama cha mazishi, kanuni hutungwa na walewale watakaotozwa, faini huingia kwenye sanduku lao, na anayechimba kaburi leo anajua atachimbiwa. Huo ni wajibu, naam, na wajibu una makali yake. Lakini ni wajibu ambao watu wamejiwekea wenyewe. Isitoshe, kipimo hicho hicho kikimgeukia mgeni wa hiari hatoki safi zaidi, kwa kuwa naye yuko chini ya mkataba, shirika, bima na cheti cha mwisho wa muda.

Pingamizi la pili linatoka ndani ya ushahidi wenyewe. Uchunguzi wa Nyakatoke ulionyesha kwamba kaya maskini zilikuwa na watu wachache wa kuzisaidia kuliko kaya zenye nafuu. Jirani asiye na shamba la kutosha hana cha kuchangia, na asiyechangia anasahaulika polepole. Kwa hiyo yeyote anayesifu ujirani wa kijijini bila kutaja walioachwa nje anasema nusu ya kweli. Nusu ya pili ni hii: yatima, mjane aliyenyang'anywa kibanja na shemeji zake, kibarua aliyevuka mpaka jana, wote hao walihitaji mlango mwingine. Mlango huo mara nyingi ulikuwa kanisa, msikiti, au shirika lililoletwa na wageni. Naliandika hili waziwazi kwa sababu hoja yangu haihitaji kijiji kiwe peponi. Inahitaji tu tukubali kwamba hata mlango ule mwingine ulifunguliwa na kulindwa zaidi na wenyeji.

Historia ya kanisa inalithibitisha hilo kuliko jambo lingine lolote. Katika Bukoba, Ukristo wa Kiinjili haukuletwa kwanza na Wazungu. Ulianzishwa na Wahaya waliojifunza kusoma Buganda, wakarudi na vitabu na kukutana kwa siri na kwa shida, miaka kabla wamisionari wa Bethel kutoka Ujerumani hawajafika mwaka 1910. Vita Kuu ya Kwanza ilipowaondoa Wajerumani, watu kama Andrea Kajerero ndio waliolishika kanisa; Vita ya Pili ilipowaondoa tena, wenyeji waliendelea na Waswidi wakaja kusaidia. Askofu Bengt Sundkler, Mswidi aliyeishi Bukoba miaka ya 1940 na kurudi kuwa askofu mwanzoni mwa miaka ya 1960, alilieleza kanisa hilo kama kazi ya watu wa pale. Dayosisi ya Karagwe ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri ilizaliwa mwaka 1979 kutokana na mti huo huo, na Jimbo Katoliki la Kayanga likafuata mwaka 2008 kutoka Rulenge. Nyuma ya tarehe hizi wapo wainjilisti na makatekista ambao kwa miongo mingi waliendesha ibada, shule za awali, mafundisho ya kusoma na ziara za wagonjwa kwa malipo madogo au pasipo malipo, wakila kutoka mashamba yao wenyewe. Ukienda Hospitali ya Nyakahanga, ambayo dayosisi hiyo inaimiliki, utaona daktari na muuguzi wanaolipwa. Utaona pia ndugu wa mgonjwa aliyelala chini ya kitanda usiku, aliyepika uji alfajiri na kufua shuka mchana. Hakuna hospitali ya vijijini katika nchi hii iliyowahi kufanya kazi bila huyo ndugu.

Baada ya uhuru, serikali iliifanya hiari kuwa sera. Tanganyika ilikuwa nchi ya kwanza kutangazwa kupokea mradi wa Peace Corps, shirika la Marekani la wafanyakazi wa kujitolea, na mwaka 1961 wapimaji na wahandisi wao walikuja kushughulikia barabara. Julai 1963 likaanzishwa Jeshi la Kujenga Taifa, lililowapeleka vijana wa Kitanzania kufanya kazi walikotumwa. Vijiji vilihimizwa kujenga shule na zahanati kwa nguvu zao. Kisha likaja jambo ambalo wanaosimulia historia ya wafanyakazi wa kujitolea hulipita haraka mno. Mwaka 1969 Peace Corps waliondoka Tanzania, wasirudi mpaka 1979. Ni katika muongo huo huo wa kutokuwepo kwao ndipo nchi ilipofanya kazi kubwa ya hiari kuliko zote. Mkoa wa Ziwa Magharibi, ndivyo Kagera ilivyoitwa wakati huo, ulikuwa mmoja wa mikoa minne ya Kanda ya Ziwa iliyojaribu mradi wa elimu ya watu wazima wa UNESCO kati ya 1968 na 1972. Walimu wa kisomo walikuwa wakulima, wake wa wakulima na wanafunzi waliomaliza darasa la saba. Shukrani yao ilikuwa shilingi 30 kwa mwezi, nazo hazikufika kila mwezi. Watu wasiojua kusoma, waliokuwa karibu theluthi mbili ya watu wazima mwaka 1967, walishuka hadi takribani asilimia 39 mwaka 1975. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwakusanya watu wapatao milioni mbili nchi nzima kuzunguka redio, wakasikiliza, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Viongozi wa vikundi vile walikuwa majirani.

Sasa tumtazame mgeni huyo wa hiari siku yake ya kawaida, maana hoja husimama au huanguka katika mambo madogo. Mgeni aliyepelekwa kijiji cha Kyerwa au cha Karagwe hufika na barua ya utambulisho, akapita kwa mtendaji wa kijiji, akaandika jina katika kitabu cha wageni, akapelekwa kwa mwenyekiti wa kitongoji. Hapo tayari watu watatu wametumia siku yao kwa ajili yake. Nyumba atakayolala imefagiliwa na mtu, kitanda kimeazimwa kwa mtu. Maji katika sehemu nyingi za wilaya hizi yako bondeni na nyumba ziko kilimani. Mgeni akichota mwenyewe dumu la lita 20 siku ya kwanza, watoto watamcheka na mama wa nyumba ataona aibu, hivyo siku ya pili dumu linapandishwa na mtoto wa jirani. Kuni zinakatwa. Ndizi zinamenywa na kupikwa na maharage, na zinapochelewa kuiva mgeni huchemshiwa chai kwanza. Lugha anafundishwa: Kinyambo, lugha ya wenyeji, cha salamu na cha sokoni, Kiswahili cha mengine yote, na mwalimu wake ni yeyote aliye karibu na mwenye subira. Mvua za vuli na za masika zikifanya njia kuwa matope, kijana wa bodaboda ndiye ajuaye pa kupita. Akipata malaria, majirani hukesha. Ukiongeza vyote hivyo, saa za watu wa kijiji zinazoingia katika kumwezesha mgeni afanye kazi saa chache kwa siku ni nyingi kuliko saa za kazi yake. Atakapoandika kwao, ataandika kwa haki kwamba watu ni wakarimu. Ukarimu kwake ni tabia ya watu, na kwa hiyo hauhesabiwi. Mimi nauona kuwa ni kazi, na kazi ina mtu aliyeifanya.

Hili si jambo la mgeni mmoja mmoja tu. Kipimo chake kilionekana katika miaka ambayo wageni walikuja kwa maelfu. Tangu 1959 Wanyarwanda waliokimbia machafuko walipokelewa Karagwe, na makazi yakafunguliwa Nkwenda, ambayo leo iko Kyerwa. Mwaka 1994 mkondo ulikuwa mkubwa zaidi. Kambi za Ngara ndizo zilizopata umaarufu, maana watu wapatao robo milioni walivuka mpaka wa Rusumo kwa muda wa takribani siku moja mwishoni mwa Aprili. Lakini Karagwe nayo ilipata kambi zake, Chabalisa, Omukariro na Kagenyi miongoni mwazo. Kabla mahema na malori ya mashirika hayajafika, waliovuka mto walilala katika vibanda vya wenyeji, wakala ndizi na mihogo ya wenyeji, wakanywa kutoka visima vya wenyeji. Mashirika yalipofika yaliokoa maisha ya watu wengi mno, na asiyekiri hivyo hana haki ya kuandika. Pamoja na hayo, mtafiti Beth Elise Whitaker, aliyechunguza hali ya wenyeji katika maeneo ya kambi za magharibi mwa Tanzania, alionyesha kwamba walimu na wahudumu wa afya waliacha vituo vya serikali kufuata mishahara ya mashirika, na zahanati za vijijini zikapungukiwa. Misitu ilikatwa kwa kuni. Desemba 1996 wakimbizi walirudishwa Rwanda, mashirika yakafungasha, na waliobaki kupanda miti upya na kurekebisha visima walikuwa walewale waliokuwapo kabla.

Ukimwi ulifanya kazi yake kimya zaidi na kwa muda mrefu zaidi. Wagonjwa wa kwanza kuripotiwa Tanzania walitambuliwa Kagera mwaka 1983. Kati ya 1991 na 1994 Benki ya Dunia na Chuo cha Muhimbili walizitembelea mara kwa mara zaidi ya kaya 900 za mkoa huo, Karagwe ikiwemo, na watafiti wakazirudia kaya hizo miaka mingi baadaye. Walichokiona kina pande mbili. Upande mmoja, yatima wengi walichukuliwa na bibi, shangazi na ndugu wengine, pasipo amri wala malipo ya mtu yeyote. Upande wa pili, watoto waliofiwa na mama wakiwa wadogo walikua wakiwa wafupi kwa kama sentimita mbili na wakapoteza takribani mwaka mmoja wa shule. Takwimu hizi ndizo zinazonifanya nisikubali masimulizi ya upande wowote yanayotosheka mapema. Ukoo ulibeba mzigo ambao dunia nzima ya misaada isingeweza kuubeba, na ukoo ulichoka, na uchovu wake uliingia katika mifupa ya watoto. Kazi ya hiari ya bibi wa Karagwe haikuwa ya bure. Ililipiwa, na sehemu ya malipo ilitolewa na wajukuu.

Nafika kwenye pingamizi ambalo mtu mwenye akili hulitoa mwisho, na ndilo gumu. Wenyeji wana mikono na moyo, atasema, lakini ujuzi je? Nani angeleta umeme wa jua, upasuaji, uchunguzi wa udongo, redio? Jibu langu ni kwamba tuangalie ujuzi ulikaa wapi baada ya kuletwa. Harold Burris, Mmarekani aliyekuja Kenya kwanza na Peace Corps na kuwa mmoja wa waanzilishi wa biashara ya umeme wa jua vijijini katika miaka ya 1980, alishiriki baadaye katika mafunzo ya mafundi Karagwe. Mafunzo hayo hayakuelea hewani. Yalikuwa na makao, chama cha maendeleo cha KARADEA kilichoanzishwa na watu wa wilaya, akina Oswald Kasaizi, na ambacho mwanzoni mwa miaka ya 1990 kilifungua kituo cha kufundishia mafundi wa sola kutoka nchi mbalimbali za Afrika. Vivyo hivyo MAVUNO, kikundi cha wakulima kilichoanza mwaka 1993, ndicho kilichowapokea wahandisi wa Kijerumani wa Ingenieure ohne Grenzen walipokuja kujaribu mitambo ya gesi itokanayo na mabaki ya migomba, na ndicho kilichojenga shule ya sekondari ya wasichana Chonyonyo. FADECO ya Joseph Sekiku ilianza kwa kuwatafutia wakulima maarifa ya kuhifadhi na kukausha mazao, ikaishia kuwa na redio ya jamii. Katika kila mfano mgeni alileta kitu cha kweli. Katika kila mfano pia kilidumu kwa sababu palikuwa na kamati, daftari, kiwanja na watu waliokuwa wakikutana kabla hajaja. Pasipokuwa na hivyo, wilaya hizi zimejaa pampu zisizosukuma na majengo yenye kibao cha mfadhili na nyasi mlangoni. Tofauti kati ya pampu inayofanya kazi na iliyokufa mara chache imekuwa ubora wa mgeni aliyeifunga.

Kazi hiyo basi ihesabiwe. Kuna wanaohofia kwamba kuihesabu kazi ya mwenyeji kutaiua, kwamba mama akishajua saa zake zina bei hatazitoa tena. Hofu hiyo ingekuwa na uzito kama malipo yasingekuwapo kijijini. Lakini yapo, ila yanagawanywa kwa upande mmoja. Mpango wa Kijerumani wa weltwärts, ulioanza mwaka 2008, humpa kijana anayekuja malazi, chakula, bima na posho ya mfukoni, na hakuna anayesema posho hiyo imemnyima moyo wa kujitolea. Tangu 2013 mpango huo umewapeleka pia vijana wa nchi za Kusini, Watanzania wakiwemo, kufanya kazi Ujerumani kwa masharti ya namna hiyo. Wakati huo huo kuna kijana aliyehitimu ualimu, anayefundisha shule ya kata bila ajira, akitegemea wazazi wachange mahindi au shilingi elfu chache. Kuna mhudumu wa afya ngazi ya jamii aliyetembea kwa miaka akipima uzito wa watoto na kufuatilia wajawazito kwa kalamu, daftari na fulana. Serikali ilipozindua Januari 2024 mpango wa kuwafundisha wahudumu hao zaidi ya 137,000 nchi nzima kwa miaka mitano na kuwalipa posho, ilikiri jambo ambalo vijiji vililijua siku zote: kwamba nguzo ya afya ya msingi ni jirani anayepiga hodi.

Wala hatuhitaji kubuni njia mpya ya kuhesabu. Mwenge wa Uhuru unapopita Karagwe au Kyerwa na kuzindua darasa au mradi wa maji, risala husomwa mbele ya watu, na ndani yake fedha za mradi hupangwa kwa mafungu: Serikali Kuu, Halmashauri, wahisani, na nguvu za wananchi, hizo za mwisho zikiwa zimethaminiwa kwa shilingi, kutokana na mawe yaliyosombwa, mchanga uliobebwa, msingi uliochimbwa. Maofisa wa maendeleo ya jamii wanajua kuikokotoa hesabu hiyo na wamekuwa wakiifanya kwa miaka. Inachokosa ni kazi zisizoacha ukuta nyuma yake: chakula cha mgeni, maji yake, lugha aliyofundishwa, mgonjwa aliyelindwa wodini, yatima aliyelishwa. Daftari za vyama vya mazishi zipo majumbani kwa waweka hazina, nyingine zikiliwa na mchwa. Vitabu vya wageni vipo katika ofisi za vijiji. Kumbukumbu za makatekista zipo parokiani. Waliofundisha kisomo kwa shilingi 30 sasa ni wazee wa miaka 70 na zaidi, na bado wapo wanaoweza kutaja majina ya wanafunzi wao wote.